Kundi Lililoningoja Kibati

Ilianza siku ya posho iliyopita, yaani Jumamosi, saa tisa za mchana, katika masomo ya ubatizo ya kanisa letu hapa Mabanga. Mama anayetuongoza alikuwa amefika somo la nne. Msichana mmoja, aliyekuja juzi juzi na familia yake kutoka Masisi, alikuwa bado hajashika hata la kwanza, kwa sababu hajui kusoma. Mama kiongozi alimwangalia, si kwa ubaya, akasema, “Huyu atangojea mwaka kesho. Sisi tuendelee.” Mimi ndiye ninayemsaidia kugawa Biblia. Niligawa, nikanyamaza. Mimi ni mtu wa kunyamaza, wewe unanijua. Lakini akili yangu ilitoka pale ikapanda barabara ya Rutshuru mpaka Kibati, kwa koko wangu, mama mzaa mama, ambako nilifundishwa kumfuata Bwana nilipokuwa na miaka kumi.

Kibati baridi inaamka kabla ya watu. Udongo ni kidogo tu juu ya mawe meusi ya volkano, lakini maharagi yake, rafiki yangu, ukiyala na mateke ya moto, yaani magimbi, hutaki mtu akusemeshe. Siku ya posho, mchana, watu wa kundi letu la ubatizo waliingia uani kwa koko mmoja mmoja, kila mtu na kitunga cha maharagi makavu, maana mama mwalimu, aliyetufundisha huko, hakupenda mikono ikae bure wakati masikio yanafanya kazi. Tulikaa juu ya mawe tukiambua. Maganda yalivunjika chini ya miguu, mahindi yaliungua polepole jikoni, na mama mwalimu akafungua Biblia yake iliyovikwa kitenge. Alisoma mara moja. Kisha aliifunga, akaanza kusimulia kwa kinywa, tena na tena, mpaka hata koko, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, akawa anamalizia maneno pamoja naye.

Yule mama alikuwa mkulima kama wengine, alitelemka kwa miguu kutoka mlima wa pili, mvua inyeshe isinyeshe. Alituambia kwamba somo ambalo hujampa mwingine bado si lako. Ukilisikia leo, katika juma lile umsimulie mtu mmoja, naye akurudishie kwa mdomo wake. Na kundi halikuanza somo lingine mpaka wa mwisho awe amempata mtu wake. “Njia ya Bwana,” alikuwa akisema, “tunaitembea kwa mguu wa anayechechemea.”

Somo la kwanza lilikuwa Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru ambaye watu walimchukia; kwa ufupi wake alipanda mti ili amwone Bwana, na Bwana akaenda kula kwake. Mama mmoja wa kundi, muuza makala, yale makaa ya kupikia, aliwasimulia wateja wake. Koko alimsimulia dada yake. Mimi nililibeba somo langu mpaka nyuma ya nyumba, nikawaambia mbuzi.

“Na weye mutoto, ulimupa nani?” mama mwalimu aliniuliza.

“Mbuzi.”

Watu walicheka mpaka maharagi yakamwagika. “Na ile mbuzi iliitika amina?” aliuliza mama muuza makala.

Mama mwalimu hakucheka. “Imekurudishia?”

“Hapana.”

“Basi tafuta mwenye kinywa. Sisi tuko hapa.” Akaanza Zakayo upya, kama hajawahi kumsimulia.

Juma lililofuata, Zakayo. Lingine tena, Zakayo. Mama muuza makala alisema, “Huyu sasa ni shemeji yetu. Mie nitazeekea chini ya ule muti.”

“Uliisha kuzeeka, mama,” koko akamjibu. “Ambua maharagi.”

Walitania hivyo, lakini wote tulijua kilichokuwa mbele. Pasta alikuja mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, kubatiza watu ziwani. Koko alipika kasiksi maisha yake yote, ile pombe ya ndizi, na alikuwa amemwaga mitungi yake kwa ajili ya maji yale. Sasa alikuwa anakohoa. Tusipomaliza masomo, maji yangengoja mwaka mwingine, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba labda koko hangengoja. Mama mwalimu angeweza kuniacha nyuma awaokoe wengine. Hakuniacha. Na koko, usiku na mchana tuko nyumba moja, hakunisukuma hata kwa jicho.

Jirani yetu alikuwa muzee mmoja wa kupasua mawe, yale ya kujengea misingi. Zamani alikunywa kasiksi kwa koko kila jioni. Tangu mitungi imwagwe, alipita njia ya juu ili asimsalimie. Nilimchagua yeye kwa sababu akifanya kazi alitugeuzia mgongo wote, na mgongo ni rahisi kuusemesha kuliko uso. Nilisimama nyuma yake nikasema yote, nyundo ikigonga. Nilipomaliza, ikanyamaza.

“Ule mutu mufupi alipanda muti gani?”

“Mukuyu, muzee.”

“Huku kwetu angepanda nini? Miti yote imeisha kwa makala.” Akageuka. “Ulikuja kunisimulia sababu mie niko muzambi kama ule?”

“Hapana, muzee. Sababu hauniangalie.”

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha alinirudishia hadithi yote. Kwake Zakayo alikuwa mpasua mawe, na bei zake zilikuwa kali, lakini alishuka mtini vilevile.

Siku ya posho nilikuwa bado natafuta nguvu ya kusema nimempata mtu, nikamwona amesimama penye ua wetu. Alivua kofia. “Mutoto alinipa hadisi,” alisema. “Niko naileta.” Akaisimulia mbele ya wote, akamgeukia koko. “Na mie nilikuja kula kwa huyu mama, ata kama alifunga kinywaji.”

“Kasiksi haiko,” koko alisema.

“Niliisha kusikia. Na maharagi?”

Koko alimsogezea jiwe la kukalia. Mama mwalimu akafungua kitenge cha Biblia, akatafuta somo la pili.

Tulibatizwa pamoja, koko na mimi, amenishika mkono kwa nguvu kama mimi ndiye mzee. Alitoka majini anatetemeka na anacheka. Muzee alikuja mpaka ufukweni, akakataa kuingia. “Mwaka huu niko naangalia,” alisema, na hakuna aliyemharakisha.

Vita vilipofika, tulikimbia kila mtu njia yake. Koko tulimzika kambini Mugunga, mbali na shamba lake. Mama mwalimu, wanasema alivuka kwenda Uganda. Nyumba ya koko ilikuwa ya mbao, na mbao zimekuwa kuni za watu nisiowajua. Hayo yote nimeyalia. Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Shuleni tunapanda kilasi na anayeshindwa anabaki, kanisani vilevile, na naona ni watu wazuri wanaofanya hivyo, wana haraka tu. Sijakutana tena na watu wazima wanaokubali kusikia somo moja mpaka limchoshe hata Zakayo mwenyewe, kwa sababu mtoto mmoja anaogopa nyuso.

Jana, Jumapili, siku ya Mungu, niliamka mapema, nikachota maji, nikaenda kanisani kabla ya kengele. Mama kiongozi alikuwa anapanga viti. Nilimsaidia viti viwili vitatu, kisha nikasema kwa sauti ya chini.

“Unasema nini, mutoto?” aliuliza. “Sisikie. Rudilia.”

Nikarudilia: “Mama, ule musichana, tumungoje.”