Ng'ombe wa Udongo

Nilipoolewa kutoka Mombo na kupanda milimani, mama mkwe wangu alinipokea vizuri, lakini hakuwa mtu wa maneno. Kishambaa changu kilikuwa cha kuokoteza sokoni, na yeye Kiswahili alikizungumza siku anayotaka. Milango yetu ilitazamana. Asubuhi, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Jioni hivyo hivyo, basi. Yeye aliinamia vyungu vyake vya kufinyanga, mimi nikainamia sufuria zangu. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao na kurudi Jumamosi, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuchangamsha.

Kilichotukutanisha ni shamba la ujamaa. Kijiji kilikata shauri kwamba siku tatu kwa wiki watu wazima wote wapande kwenye shamba la pamoja, kule juu ambako jembe likikuponyoka unalifuata bondeni. Wanawake wakauliza, je, watoto? Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaniona mimi, mimba ya miezi sita mbele na binti wa miaka miwili na nusu mgongoni.

"Huyu hapandi," akasema. "Abaki na watoto."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, bila kujua nimekubali nini.

Tulipewa banda tupu lililojengwa kuwekea mbolea. Siku ya kwanza waliletwa watoto kumi na mmoja, na hapakuwa na kitu hata kimoja cha kuchezea. Mwanzoni walilia kwa zamu, baadaye wakalia wote. Binti yangu alipoona mtoto wa jirani amekaa mapajani pangu, alikuja polepole, akamshika mkono kama anayemsalimia, akamng'ata.

Jioni mama yake yule mtoto aliziona alama za meno. Nikamwomba radhi.

"Si kitu," akasema, ila sura haikusema hivyo. "Lakini huyo wako mlishe nyama."

Mama mkwe aliyasikia yote akiwa uani kwake. Kesho yake alikuja na gunzi la mahindi. Akakaa kizingitini, akalivika sketi ya gome kavu la mgomba, akalitoboa macho kwa mwiba, kisha akamfunga mjukuu wake gunzi lile mgongoni kwa kitambaa. Binti yangu alitembea uani akiliimbia gunzi mpaka nikaivisha maharage.

"Naweza kutengeneza mengine?" nikamwuliza mama mkwe.

"Magunzi yamejaa jikoni kwangu," akajibu. "Na huyu mpe kazi. Ana nguvu nyingi, hana pa kuzipeleka."

Nikampa kazi. Kila siku ya shamba tulitoka na watoto wote hadi kwenye miti iliyo kando ya njia, binti yangu akitangulia na kikapu. Tuliokota vifuniko vya mbegu za mkaratusi, vile vidogo vyenye ncha, ambavyo ukivizungusha kwa vidole vinacheza kama pia. Tuliokota matunda makavu ya msonobari yenye magamba, tukayaita kuku. Majani ya mgomba tuliyasokota yakawa mpira. Binti yangu ndiye aliyegawa vitu, na ilimpendeza sana kuombwa. Yule mtoto aliyeng'atwa alipewa kuku wawili.

Halafu mama mkwe akaleta bonge la udongo wa kufinyangia. Kwa umri wake alikuwa amesamehewa shamba, akaanza kushinda nasi bandani. Watoto wakafinyanga ng'ombe. Wa binti yangu alikuwa mkubwa kama ngumi yangu, miguu yote minne upande mmoja.

"Bibi, choma!" akasema.

Bibi akakubali. Jumamosi ile alikuwa anachoma vyungu, na kimoja kilikuwa kikubwa cha kupikia makande, kilichoagizwa na watu wa Vuga kwa ajili ya arusi. Mfinyanzi mwenzake, jirani wa nyumba ya chini, alipoona nimesimama pale na tumbo langu, alimvuta pembeni.

"Mwenye mimba asikaribie moto wa vyungu. Vitapasuka."

"Ni mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Akae tu, asikae penye moshi."

Walipanga vyungu, wakafunika kwa kuni na nyasi, wakawasha. Ng'ombe wa binti yangu alilazwa pembeni mwa chungu kikubwa. Haukupita muda mrefu tukasikia mshindo, halafu mwingine. Majivu yakaruka. Moto ulipotulia, mama mkwe aliingiza mti mrefu akavuta kipande, kisha kingine. Chungu cha arusi kilikuwa kimegawanyika kama boga.

"Nilisema mimi," jirani akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Machozi yalinilenga. Nilijiona mgeni kuliko siku niliyofika. Binti yangu alikuwa na swali lake.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Mama mkwe aliinama, akapekua majivu kwa ule mti, akainua kitu chenye ukubwa wa kidole.

"Mguu huu hapa," akasema. Akautazama, akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Si mimba hii," akamwambia jirani. "Ni ng'ombe! Udongo mnene kama ngumi, ndani ulikuwa bado mbichi, mvuke ukakosa pa kutokea. Nimefinyanga tangu sijaota matiti, leo nimesahau kutoboa tumbo la ng'ombe wa mjukuu wangu. Kosa ni langu." Jirani alijaribu kununa, ikamshinda, akacheka naye.

Jumatatu mama mkwe aliniita tukachimbe udongo. Alinionyesha namna ya kuuponda na kuondoa vijiwe, na namna ya kuinua ukuta wa chungu kwa kuzunguka wewe, chungu kikiwa kimetulia. Nilizunguka na tumbo langu, yeye akinisahihisha kwa Kishambaa, na nilipokosea neno alinisahihisha hilo pia. Binti yangu alikaa katikati yetu akitoboa matumbo ya ng'ombe kwa kijiti, wake na wa wenzake.

Arusi ilikuwa bado haijafika chungu kipya kilipokuwa tayari. Mume wangu alikibeba kwenda Vuga, kimefungwa kwa majani ya mgomba. Mimi na mama mkwe tulisimama njiani tukimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona.

"Akikiangusha?" nikauliza.

"Tutafinyanga kingine," akasema, akanitangulia jikoni kwangu kuonja chumvi ya maharage yangu.