Upande Usiohesabiwa

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mbaya, na kufa kwake hakujanibadilisha mawazo. Watu husema marehemu hasemwi. Mimi namsema.

Binti yangu alivunja ungo, na haikuchukua muda akaacha kuamka. Hakuwa na homa. Alilala macho wazi, hataki uji, hataki kuoga, machozi yanamtoka na hajui analilia nini. Siku zile nchi ilikuwa ya Wadachi, na sisi tulilima chini ya mlima, upande wa Mlali.

Mama mkwe hakuhangaika na mtoto, alihangaika na ukoo wangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, basi na ubovu wake lazima utoke huko. Alipanda milimani kwetu kuchunguza, akashuka na habari ya dada wa bibi yangu aliyekuwa akizungumza na kuku. Hiyo ikamtosha. Akamwagiza mwanawe atafute mke wa ukoo safi, kabla sijamzalia wagonjwa wengine. Mume wangu, ambaye hajapata kubishana na mama yake hata juu ya chumvi ya mboga, akakubali.

Lakini nilikuwa na macho. Baba mkwe alilala vivyo hivyo kila mwaka, majirani wako shambani. Yeye alisamehewa. Ilisemwa kwamba alivunjwa na viboko vya akida, siku aliyokosa kwenda kuchimba barabara ya Wadachi.

Wazee walipokaa kuamua ndoa yangu, niliwauliza mbona baba mkwe hatajwi. Mama mkwe akasema sina adabu, na kwamba mwanamume hana ukoo wa kumrithisha mjukuu. Hapo mzee mwenyewe akatoka ndani, amejishikiza mlangoni.

"Mimi nilianza kijana, Mdachi hajafika," alisema. "Nilichapwa kwa sababu sikuweza kuamka. Mtoto huyu kanifuata mimi. Mwacheni mama yake."

Mjomba wa mume wangu akasema mzee anaumwa, arudishwe akapumzike. Wakamrudisha, wakaendelea na shauri lao.

Mke mwenzangu aliletwa baada ya mavuno, kwa vigelegele. Binti yangu aliinuka, akalala tena, akainuka, na ndivyo alivyoishi, namlisha kwa mkono wangu. Mwenzangu akazaa mtoto wa kiume, mcheshi, kipenzi cha bibi yake. Alikuwa ameshaanza kuota ndevu, na utawala wa Wadachi unakaribia kwisha, alipojifunika shuka asubuhi moja na kukataa chakula, siku baada ya siku.

Nilichukua bakuli la uji nikaenda kumwonyesha mwenzangu namna ya kumlisha. Nilimkuta mwenzangu analia. Mama mkwe alikuwa amekaa kando yake, anamuuliza kwa upole kabisa mama yake alizaliwa kijiji gani.