Kokugonza na mayai tisini na sita ya mwisho

Saa mbili asubuhi, Kokugonza Rwehumbiza anafungua kabati la bati lililo sebuleni kwake Kiseke, anatoa yai moja, anafumba jicho la kulia na kuligusisha yai hilo kwenye kope. Anatulia kidogo, kisha analirudisha.

"Huyu yuko salama," anasema.

Kabati hilo ni mashine ya kutotolesha vifaranga. Lina feni na skrini ndogo inayoandika joto kwa tarakimu nyekundu. Kwa miaka mitano limetoa vifaranga zaidi ya elfu sita, naye huwatoza wafugaji wanaomletea mayai shilingi mia tatu kwa yai. Ukimuuliza linafanyaje kazi, anacheka mpaka anajishika kiuno.

"Najua kuwasha, kuongeza maji na kuzima. Huko nyuma kwenye nyaya sijawahi hata kuchungulia. Hayo ni mambo ya fundi."

Kupima kwa kope alifundishwa na mama yake huko Muleba. "Mkono wa mkulima umeota sugu, haujui joto. Kope haioti sugu," anaeleza.

Majirani walimtania sana. Skrini ipo, umeme upo, halafu mtu mzima anapapasa mayai kwa jicho! Utani huo ulikoma mwezi Machi.

Mwezi huo Mashimba, mfugaji wa Misungwi, alimletea mayai tisini na sita ya kuku wake wa kienyeji. Siku ya tano, ugonjwa wa kideri ukapita bandani kwake na kufagia kuku wote. Mashimba akapiga simu.

"Mama, hayo uliyonayo ndiyo mbegu yangu iliyobaki. Kuku wale ni wa tangu kwa baba yangu."

Siku ya kumi na mbili skrini iliandika 37.6, kama kawaida. Kope ikakataa. Akajaribu yai la pili, la tatu, mpaka la kumi, na yote yalikuwa ya moto kupita kiasi. Akampigia fundi wake, Khalidi Seif.

"Mama, usiguse kitu," Khalidi akamwambia. "Skrini ikisoma hivyo, mashine ni nzima. Nitapita kesho."

Kokugonza alibaki roho mkononi. Akishusha joto kumbe amekosea, mbegu ya Mashimba itakufa kwa baridi, na lawama ni yake peke yake. Akiliacha, huenda mayai yakaiva humo humo.

"Nilisali kwanza," anakiri. "Halafu nikajisemea, mashine siijui, lakini yai nalijua."

Akafungua mlango, akayapepea mayai kwa kanga, akawa anazima na kuwasha mashine hadi kope iliporidhika.

Kesho yake Khalidi alikuja na kipimajoto kingine. Kile cha mashine kilikuwa kimezibwa na vumbi na manyoya, kikisoma digrii mbili pungufu. "Niliona aibu," anasema fundi huyo. "Angenisikiliza mimi, kisingepona hata kifaranga kimoja."

Vilitoka vifaranga sabini na kimoja. Mashimba alivifuata mwenyewe, akaweka kimoja kiganjani na kukifunika kwa mkono wa pili. Kokugonza naye akalia, wala hakujificha.

Mwezi ujao, akiwa na miaka hamsini na mitatu, anaanza kozi ya jioni ya ufundi umeme. Binti yake, Evelina, anamcheka kwamba atakaa dawati moja na watoto. Yeye hana habari.

"Miaka mitano nimemkabidhi huyu mayai ya watu," anasema, akiupiga ubavu wa kabati kwa kiganja. "Sasa nataka nijue nilikuwa nikimkabidhi nani."