Upande wa Pili wa Kaseti

Juzi alasiri nilikuwa dukani hapa Malindi nikinunua wino, mwenye duka akaniuliza kama nimesikia kwamba yule bibi aliyekuwa akifundisha hisabati katika chuo cha ualimu amefariki. Sikuwa nimesikia. Jana nikaenda matangani kwao Ganda kutoa mkono wa pole. Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwamba kabla ya kuingia gazetini nilikuwa mkufunzi. Marehemu na mimi tulifundisha vyumba vya jirani, na sauti yake ilipenya ukutani hata wanafunzi wangu wa historia wakajua kugawanya sehemu.

Mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, chuo kilipewa kazi ya kuwafunza walimu wa shule za msingi walioajiriwa bila kusomea ualimu. Walisoma kwa posta wakiwa kazini, wakaja chuoni wakati wa likizo tu. Karatasi peke yake hazikuwatosha, na yeye ndiye aliyependekeza kaseti. Mkuu wa chuo alicheka. "Bibi, kaseti ni ya taarabu. Itamfundisha nani hisabati?" Mwishowe akakubali shingo upande, kwa muhula mmoja. Basi bibi akaweka redio kaseti mezani, akafundisha darasa lake kama kawaida, nayo ikinasa. Nakala zikaenda Gede, Dabaso na kwingineko. Aliionea fahari kazi ile, na sitaficha, aliionea fahari kupita kiasi.

Baada ya wiki chache kaseti moja ikarudi kutoka Dabaso. Aliniita tuisikilize pamoja. Palipokuwa na somo pakatoka sauti ya mwanamke, ya haya haya: "Shikamoo mwalimu. Unisamehe, nimefuta maneno yako, sina kaseti nyingine. Mwalimu, kila mara wasema 'tazameni hapa'. Mimi huku natazama redio. Hapo ni wapi? Mtihani ni likizo ijayo, na nikianguka mara ya pili kazi sina."

Mwenzangu aliizima mashine kwa kishindo. "Amenifutia somo zima!" Akatoka nje. Aliporudi, hasira zilikuwa zimemwisha, akaketi kando yangu. "Miaka yote nasema 'tazameni hapa'," akaniambia. "Na hawa wangu wanaoketi nyuma, wewe wadhani huona?"

Alirekodi masomo yote upya, peke yake, bila ubao. "Chukua chungwa," alisema katika lile la kwanza. "Likate pande nne zilizo sawa. Shika moja mkononi, ndipo tuendelee." Mwisho wa somo akaongeza: "Upande wa pili nimekuachia wewe. Uliza, kisha unirudishie." Mkuu akalalamika kwamba nusu ya kaseti inapotea bure. "Bwana mkuu," akamjibu, "nusu hiyo ndiyo ninayojifunzia mimi." Kaseti zikawa zinakwenda na kurudi, na kila swali alilijibu.

Yule mwalimu wa Dabaso alifaulu. Nilimkuta jana matangani, amekuja na walimu wenzake watatu. "Nilidhani atanigombeza," aliniambia. "Kumbe aliniletea kaseti yangu peke yangu, akanijibu kwa jina langu. Sikuwahi kuitwa jina na mkufunzi." Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Sasa nasikia chuo kinatafuta kompyuta, na vikao vinabishana iwekwe chumba gani na nani ashike ufunguo. Sina ugomvi nayo. Huenda ikafanya mengi ambayo kaseti haikuweza. Lakini twawaambia vijana kila siku kwamba kuuliza si ujinga, kisha twawapa vyombo ambavyo kazi yao ni kusema tu. Mwenzangu alikosea mbele ya wanafunzi wake, akaambiwa, akasikia, akabadilika. Kabla ya kuuliza chombo kipya kitafundisha nini, tuulize mwanafunzi atajibu kupitia wapi, na ni nani atakayeketi kumsikiliza.