Kiti cha Pili

Nina miaka hamsini na miwili, shahada mbili, na sina leseni ya kuendesha gari. Nimeanguka mtihani mara tatu, zote Bungoma. Mara ya mwisho sikufika hata garini. Niliangukia mezani, pale palipochorwa mji mdogo ambamo mtahiniwa husukuma kigari cha kuchezea mbele ya ofisa, akieleza anakokwenda. Nilifika kwenye mzunguko, nikapita katikati.

"Mzee, hapo umepita juu ya nini?" ofisa akauliza.

"Nyasi."

"Ati nyasi. Na kama kuna watu wamekaa hapo?"

"Si amefika mbele ya wote, bana," akasema msichana mmoja kwenye foleni. Foleni ikacheka.

Najua kosa hilo lilitoka wapi. Katika ghorofa ya juu ya duka moja Kitale kuna mashine kuukuu ya mchezo wa mbio za magari mtaani, yenye usukani na viti viwili. Pedali ya breki ilikufa zamani. Vijana wana michezo mizuri zaidi kwenye simu zao, lakini mimi nimekuwa nikirudi pale tangu nikiwa chuoni. Kwenye mashine ile njia fupi hupita nyasini. Ukigonga ukuta, gari hubingirika, kisha baada ya sekunde tatu unajikuta barabarani tena, ukitazama mbele, na hakuna aliyekuuliza kitu. Sijui mahali pengine ambapo mtu wa umri wangu hutendewa hivyo.

Aliyeitaka leseni kuliko mimi ni mama. Marehemu baba alimwachia gari, nalo limekaa nyuma ya nyumba kule Bungoma, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Jicho la kushoto la mama limezima. Daktari wa macho wa Kitale anasema la kulia linafuata. Mama aliomba jambo moja tu: nimwendeshe kutoka kliniki hadi nyumbani, yeye akiwa amekaa mbele, aione njia yote angali anaona.

Juzi daktari alituambia hakuna haja ya kurudi. Tulipotoka, mvua ikatuingiza kwenye duka lile. Nilimpandisha ngazi, nikamkalisha kwenye kiti cha pili, nikatia sarafu.

"Mkanda uko wapi, baba?" Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la babake.

"Hili halina mkanda."

"Basi enda polepole."

Sikuweza. Alikumbatia mkoba wake, akausogeza uso karibu na skrini.

"Hapa ni wapi?"

"Tunakaribia Kiminini."

"Kiminini siku hizi kuna taa hivi?"

"Waliweka."

Nikagonga ukuta.

"Tumegonga?"

"Kidogo."

"Babako hakuwahi kugonga," akasema, bila lawama.

Muda ukaisha. Skrini ikaanza kuhesabu kutoka kumi kurudi chini, ikidai sarafu nyingine. Nilikuwa nayo mkononi.

"Wacha, baba. Mimi naona taa tu."

Nikamshika mkono tukashuka, ngazi moja moja. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Kituoni niliomba kiti cha mbele kwenye gari la Bungoma, lakini tayari kilikuwa na mtu, amelala.