Mtoto wa Punda Alipogoma Kula

Likizo iliyopita, shangazi yangu wa Tarakea alimwachisha ziwa mtoto wa punda wake. Alimtenga na mama yake kwa uzio wa fito, waonane na kunusana, ila kunyonya basi. Mtoto akagoma kula tangu asubuhi, na shangazi akaanza kuogopa atamfia.

“Labda anataka pilau,” nikasema.

“Nyamaza wewe, ulinyonya mpaka miaka mitatu.”

Nikakaa kumchunguza yule mtoto wa punda. Kila mama yake alipoinamia majani kule mbali, naye aliinama, akakuta vumbi tu. Majani yake tulikuwa tumeyaweka nyuma yake. Nikasogeza ya wote wawili kwenye uzio, kila mmoja upande wake. Mama akatafuna. Mtoto akamtazama mdomo, kisha akatafuna.

Shangazi hakunisifu. Alinikabidhi panga nikakate majani mengine.