Kaseti ya Marehemu Kiprop

Nichekeni mkitaka. Hapa mtaani Pioneer kuna vijana wanaopenda nyimbo za wanamuziki wasio na kampuni ya kurekodi, na kila Jumamosi wanakutana kusifia albamu zao. Mimi shule niliacha darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe, lakini hiyo ni hadithi ingine. Hata hivyo nikajitia mtaalamu wa muziki.

"Hizo zenu ni kelele," nikawaambia. "Mimi niko na kaseti ya rafiki yangu marehemu Kiprop. Alijirekodi mwenyewe na gitaa. Ni moja tu duniani."

Wakamwita mjane wake, Mama Chebet, kutoka Kaptagat. Alikuja na kitambaa kipya kichwani. Sauti ya mumewe hakuwa ameisikia tangu tumzike.

Nikatia kaseti kwenye redio, nikabonyeza. Badala ya gitaa, ikatoka sauti ya mtangazaji: "Salamu zake Mzee Karanja wa Pioneer..."

Ndipo nikakumbuka. Siku salamu hizo ziliposomwa nilikosa kaseti tupu, nikarekodi juu ya nyimbo za Kiprop, ili nihifadhi jina langu likisomwa redioni.

"Mzee, si huyo ni wewe?" kijana mmoja akauliza.

Nikanyoosha mkono kuizima. Mama Chebet akavuta kiti karibu na redio.

"Wacha iendelee," akasema. "Labda Kiprop yuko huko mbele."